Sukari yangu haikupandishwa na halua: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Kaunti ya Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Afya wa Kaunti, na waheshimiwa wawakilishi wa wadi,

Assalamu alaykum.

Mbele yangu nina kitabu changu cha kliniki, kile cha kurasa 32 ambacho sisi wagonjwa hujinunulia dukani. Kwenye ukurasa mmoja, chini ya tarehe na uzani wangu, muuguzi ameandika kipimo changu cha sukari, 16.4, na kando yake neno moja la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni mkaidi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Neno hilo nimeliandika mimi mwenyewe kwenye ripoti za watoto wa watu, tena kwa wino mwekundu. Sasa ndipo nimejua ladha yake.

Acheni niwaeleze siku ile ilivyokuwa. Usiku wake ndugu yangu alikuwa baharini, kusi imechachamaa, na mashine ya boti ikamzimikia nje ya Manda. Tulikaa macho mpaka alfajiri, simu yake haipatikani, wanawake wa nyumbani wanasoma Yasini, mimi nikizunguka ua kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Kulipokucha tukaambiwa amevutwa na chombo cha watu wa Shela, yu salama. Nilimshukuru Mola, nikajitia buibui, nikaenda kliniki kwa kuwa ndiyo siku yangu. Sikuwa nimetia kitu kinywani zaidi ya maji. Asubuhi ya jana yake nilikuwa nimejipima nyumbani, 7.2. Kliniki ikasoma 16.4.

"Mama, umekula nini?"

"Sikula kitu, mwanangu."

"Sukari haipandi yenyewe, mama. Halua hiyo."

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana mtu mzima akiaibishwa mbele za watu hana jingine la kufanya. Yule kijana simtaji wala kliniki siitaji, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa hamsini wanamngoja na mashine moja ya presha. Lakini alikosea kwa jambo linalojulikana, na kosa lile lile linafanyika kila wiki katika visiwa hivi.

Sukari hupanda yenyewe, waheshimiwa. Mtu akiingiwa na hofu, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli kwenye damu. Ini likipata habari hiyo hufungua ghala lake na kutoa sukari liliyoiweka akiba, ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Kwa mtu mzima wa afya, insulini huja ikasawazisha mambo. Kwangu mimi, ambaye insulini yangu inabisha hodi na seli hazifungui, ile sukari hubaki ikizunguka. Si habari mpya. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alichapisha maelezo mafupi kuhusu panya aliowatesa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha, kwa sumu, akaona miili yao inajibu kwa namna moja. Kutokana na kazi kama hiyo ndipo neno la msongo likaingia katika udaktari. Ni karibu miaka tisini sasa, na sisi bado tunaulizwa halua.

Hofu ya usiku mmoja hupita. Ndugu yangu alirudi, na siku mbili baadaye nilisoma 8. Ninayotaka kuwaandikia zaidi ni ile hofu isiyopita, ile ambayo mtu hulala nayo na kuamka nayo. Lamu tunayo ya kutosha. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, kisha ikaja kafyu, na wavuvi wakakatazwa kutoka usiku kwa miaka. Mvuvi aliyerithi kwa babu yake kwamba samaki hutafutwa usiku alikaa nyumbani akitazama nyavu zikikauka. Ikaja bandari mpya ya Lamu. Mahakama Kuu ya Malindi ilisema mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, nao wakaanza kazi nyingine ngumu kuliko kuvua, yaani kungoja. Jirani yangu mmoja, nahodha wa zamani, presha yake iligunduliwa katika miaka hiyo. Anameza vidonge akivipata. Mkewe huniambia kwamba bwana huyu, aliyekuwa hanyamazi barazani, sasa hukaa na redio isiyowashwa.

Huyo naye kitabuni ameandikwa mkaidi, kwa kuwa alikosa kliniki mara tatu.

Vitabu vya Kiswahili huiita hali hiyo ya huzuni nzito isiyokwisha sonona. Mtaani tunasema tu "ana mawazo," neno pana ambalo hutosha kwa aliyedaiwa kodi na kwa aliyechoka kuishi, na pengine ndiyo sababu hatushtuki tunapolisikia. Anayeishi na kisukari yumo katika hatari ya sonona mara mbili hadi tatu kuliko asiyekuwa nacho. Na mwendo ni wa pande mbili. Ugonjwa huleta huzuni, huzuni humfanya mtu asimeze dawa, asitembee, asilale, na ugonjwa ukapata nafasi. Ukimtibu mguu mmoja tu mtu huyo atachechemea siku zote.

Liko na jambo la pili ambalo si sonona, na wasomi wa kisukari wamelitenga kwa jina lake. Ni kuchoshwa na ugonjwa wenyewe. Mtu anacheka, anakwenda harusini, anapiga vigelegele, lakini amechoka kuhesabu. Amechoka kuulizwa wali huu ni kijiko cha ngapi. Tangu nistaafu nashona kofia za mkono, zile zinazochukua miezi mpaka kofia moja iishe, na sukari imenifisha ganzi ncha za vidole. Sindano hunichoma nisijue mpaka nione damu kwenye kitambaa cheupe. Hapo hukaa nikaitazama ile kofia, na sisemi kitu. Hapana dawa ya kumeza kwa jambo hilo. Lakini ingekuwa nafuu kubwa mtu mmoja kliniki aniulize, si umekula nini, bali vidole vinaendeleaje na wewe mwenyewe unaendeleaje navyo.

Sasa niseme kuhusu hulka, kwa kuwa najua jibu litakalokuja. Litasema: watu hawalingani, wengine ni wazembe kwa asili, wengine wana hasira, serikali haiwezi kubadili tabia za watu.

Kweli watu hawalingani. Yeyote aliyefundisha darasa la watoto arobaini anajua hilo kabla ya wasomi. Wapo waliozaliwa na wasiwasi, wakisikia mlango umegongwa usiku basi wameshachimba kaburi. Wapo watunzaji, vitu vyao kila kimoja mahali pake, na uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba watu wa aina hii kwa wastani huishi zaidi, pengine kwa sababu ya jambo dogo tu kwamba humeza dawa kwa wakati. Wapo wasiri, kama marehemu mume wangu, ambaye aliumwa kifua siku nne asiseme kwa kuwa kulikuwa na wageni. Hulka ina sehemu yake katika maradhi, sibishi.

Lakini tahadharini na hadithi hii. Katika miaka ya 1950, madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walisema kuna aina ya mtu mwenye haraka, ushindani na hasira, na kwamba huyo ndiye anayepatwa na maradhi ya moyo. Dunia nzima ikalipokea wazo hilo. Wachunguzi waliofuata hawakuikuta nguvu ile iliyodaiwa. Kilichobaki zaidi ni ile sehemu ya chuki na uhasama. Na nyaraka za kampuni za sigara zilipofunguliwa, ikaonekana kampuni hizo zilikuwa zimechangia fedha kwenye utafiti wa aina hiyo. Mtafakari kwa nini. Ikiwa moyo unauawa na hulka ya mtu, basi sigara haina kesi.

Ndiyo maana neno mkaidi hunitisha. Ni rahisi mno. Dawa ikikosekana kwenye stoo miezi miwili na mgonjwa akaacha kuja, kitabu husema mgonjwa amekaidi, hakisemi stoo imekaidi. Na bahari je? Mwenye kutoka Kizingitini au Faza kuja mjini hupanda boti ya alfajiri, na boti hupita mkondo wa Mkanda maji yakiwamo. Maji yakitoka, hasa bamvua, siku yanapojaa na kutoka kupita kawaida, nahodha hungoja, na abiria hungoja naye. Kliniki imewekwa Jumanne saa mbili asubuhi. Jumanne hufuata wiki, bahari hufuata mwezi, na hao wawili hawajawahi kukubaliana. Nimemwona kwa macho yangu mzee wa Kizingitini akifika saa sita mchana, nguo imelowa chumvi, akaambiwa muda umekwisha arudi wiki ijayo. Hakugomba. Aliketi chini ya mwembe, akatoa mkate wake wa mofa, akala polepole. Ningekuwa na mashine wakati ule ningempima presha bure.

Nifike kwenye ninayoyaomba. Si mengi, na mengine hayana gharama.

Kwanza, kila mgonjwa wa kudumu anapofungwa mpira wa presha mkononi, aulizwe maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejihisi mnyonge, mwenye huzuni, au umekata tamaa? Hayo si maswali yangu. Ndiyo mawili ya mwanzo katika dodoso la maswali tisa linalotumika duniani tangu 2001, na hapa Kenya limekwisha kujaribiwa na kutumiwa. Dakika mbili zinatosha. Akijibu vibaya, aulizwe yale saba yaliyobaki, na awepo mtu wa kumpokea.

Lakini si mbele ya foleni. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana Lamu si Nairobi. Mji wetu, ukikohoa Mkomani, Langoni wanakupelekea tangawizi. Mwanamke hawezi kusema moyo wake umevunjika kwenye chumba kisicho na mlango, na nje ameketi shemeji yake. Watu hutuambia mficha maradhi kilio humfichua. Sawa, tuyafichue wapi? Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangua kifungu kile, aliyejaribu kujitoa roho alikuwa mhalifu mbele ya sheria ya Kenya. Mtu wa namna hiyo asingejieleza hadharani, na sheria kutanguliwa hakukuondoa aibu. Tafuteni chumba chenye mlango unaofungwa. Hata stoo ya zamani ya vyandarua ikisafishwa itatosha.

Pili, huyo mtu wa kumpokea. Mtaniambia hamna madaktari wa akili, nami najua. Sisemi waletwe kesho. Tazameni Zimbabwe. Daktari wa akili mmoja, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na bibi vizee 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza kwa utaratibu na kumsaidia mtu apange tatizo moja moja, na akawaketisha kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Watu wa kabila la Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na bibi wale walilitumia hilo, hawakutumia majina ya vitabuni. Matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye zahanati 24 za Harare yalichapishwa 2016: baada ya miezi sita, walioketi na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Benchi! Sisi tuna baraza za mawe mbele ya milango tangu enzi za mababu, tena watalii huzipiga picha. Ila tusijidanganye. Baraza zetu ni za wanaume, na mambo mengi yasemwayo pale ni siasa na umbeya, ambavyo navyo vina faida yake kwa afya, lakini si tiba. Wanawake wetu hukaa ndani, kwenye ua, kwenye ukili na hina. Kwa hiyo ikiwa mtaanzisha jambo hili, msilibandike barazani ili lipendeze kwenye picha. Mama wa makamo, mwenye heshima mtaani, afundishwe, aape kutunza siri, alipwe posho isiyochelewa, na aingie nyumbani kwa mgonjwa kama anavyoingia kumjulia hali. Wanaume nao wapate mtu wao. Tayari mna wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mikoba mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya presha na ya sukari. Wanakuja hadi mlangoni, wanatupima, wanaandika nambari, wanakwenda. Waongezewe mafunzo ya kuuliza na kusikiliza.

Msiseme halijawahi kufanyika kwetu. Limefanyika katika kliniki za ukimwi. Pale kulikuwa na mshauri nasaha, kulikuwa na vikundi, na aliyeishi na virusi miaka kumi alimshika mkono aliyepimwa jana. Aliyekosa dawa alifuatwa nyumbani kwa upole, akaulizwa kumetokea nini. Mwenye sukari hajapata kufuatwa. Tofauti ilikuwa fedha za wafadhili, na Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 nchi nzima iliona ubaya wa kutegemea mfuko wa mtu. Kwa hiyo sitaki mtafute mfadhili. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo mnatuita tutoe maoni. Nitakuja. Ninataka nione mstari mmoja ulioandikwa wazi: ushauri nasaha kwa wagonjwa wa kudumu, kiasi fulani. Jopokazi la Wizara ya Afya lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Dharura isiyo na mstari kwenye bajeti ni hotuba.

Tatu, Ramadhani. Wiki chache kabla ya mwezi kuandama, wekeni kliniki maalumu, na shekhe awepo pamoja na daktari. Kuna wagonjwa ambao wamekatazwa kufunga kwa hatari ya sukari kushuka, nao hufunga kwa siri, wasimwambie daktari, kwa kuwa aibu ya kuonekana unakula mchana ni kali kuliko kizunguzungu. Wengine hutii, kisha hulia mwezi mzima wakijiona wametengwa na umma. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, yeo sina moyo wa kuya kuwaona watu." Si ugonjwa uliomfungia ndani, ni futari asiyoistahili machoni pake. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Qurani, kila mtu anaijua. Anayeihitaji anataka aisikie kutoka kwa mtu anayemheshimu, akiwa amekaa naye, na dozi yake ya dawa ikapangwa upya hapo hapo.

Na yote haya, tafadhali, juu ya dawa, si badala yake. Nisije nikaambiwa mwakani kwamba metformini, dawa yetu ya sukari, hakuna lakini kuna mshauri. Ushauri hauteremshi presha ya mtu aliyekosa vidonge mwezi mzima, na mimi siandiki barua hii ili mpate njia ya kuokoa gharama.

Kuhusu lile neno kitabuni mwangu, siombi lifutwe. Naomba muwaandikie wasimamizi wa kliniki zenu zote waraka wa nusu ukurasa: kabla ya kuandika kwamba mgonjwa amekaidi, muuguzi aandike kwanza sababu aliyopewa na mgonjwa. Dawa hazikuwepo. Boti ilichelewa. Nauli ilikosekana. Sikulala, ndugu yangu alikuwa baharini. Baada ya miezi sita vikusanyweni vitabu hivyo mvisome.

Kliniki yangu ijayo ni Jumanne. Nimetazama mwezi, itakuwa bamvua, na maji ya asubuhi yatakuwa yametoka. Yule mzee wa Kizingitini hatafika kabla ya saa sita. Agizeni tu mlango usifungwe.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu na mshona kofia,
Langoni, Lamu